Mtamba wa Mama Birte

Bariadi, jioni ya kuamkia safari

Kabula, ng'wanone, mwanangu,

Sitakuandikia habari za sweta. Wala za kula, wala za kufunga mlango, wala za wanaume. Sweta nimekutilia mawili, ya mitumba lakini ya sufu kweli kweli, nimeyavuta na kuyanusa mwenyewe mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka kuyala. Hayo mengine utayajua huko huko. Mtu aliyepata alama ulizopata wewe kwenye hesabu haambiwi na mama yake afunge mlango.

Naandika kwa sababu kuna jambo nimelifanya leo mchana, wewe ukiwa Sapiwi kumuaga bibi yako, na nataka ulipate kutoka kwangu. Ukilisikia kwa Mama Holo jirani yetu, litakuwa limetiwa chumvi mpaka halilambiki.

Nimempa Mama Birte mtamba.

Ndiyo, mimi. Yule ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe begani, ambaye baba yako hata kumtazama sana alikuwa haruhusu mtu. Ningekwambia ukae chini kwanza, ila najua utaisoma hii ndani ya basi na umeshakaa, tena umekaa pembeni yake. Msimsomee. Namaanisha wewe usimsomee. Ona, mkono wangu tayari unawaandika wawili.

Ili uelewe, lazima nianze mbali. Unanijua, mimi sianzi karibu.

Mama Birte alikuja hapa na mradi wa visima wakati ule pamba ilipoanza kununuliwa na kila mwenye mzani. Zamani ilikuwa chama cha ushirika tu, unapanga foleni na kungoja. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake, kila mmoja anakuita mama kana kwamba ulimnyonyesha. Nani mtaani kwetu alikuwa wa kwanza kumwambia mnunuzi, "Huo mzani wako unaugua, panda wewe kwanza tukuone"? Mimi. Alipanda, na alikuwa mwepesi kuliko mbuzi. Watu wanacheka mpaka leo.

Lakini nikujulishe na lile lisilochekesha, ingawa uliliona. Msimu wa kwanza bei ilipanda. Nami nikasema, kama imepanda hivi mwaka huu, mwakani itapanda vile, na mwaka wa kesho kutwa tutaezeka nyumba mpaka choo. Nikapanda pamba shamba zima, hata kale kapande ka mahindi nyuma ya jiko. Mwaka uliofuata bei ikalala chini kama kuku anayeatamia, na mahindi tukayanunua kwa Mama Holo. Kwa Mama Holo, Kabula! Alinipimia huku anaimba wimbo wa kanisani, na aliuimba wote, beti kwa beti.

Wewe ulikuwa msichana mdogo. Ulikuwa unapukuchua yale mahindi ya aibu ukasema, "Mayu, kitu kikipanda mara moja bado hakijaonyesha mwendo wake." Nikakwambia unyamaze. Usiku ule nikamwambia baba yako kwamba tumezaa mtu.

Kwa hiyo Mama Birte alipoanza kutafuta msichana wa kumfasiria Kisukuma kule visimani siku za likizo, ni mimi niliyekupeleka. Liandike hilo moyoni. Hukwenda mwenyewe wala yeye hakukuiba. Nilivaa kitenge changu cha mapera nikakushika mkono, ingawa ulikwishanipita urefu, nikasimama mlangoni kwake nikasema: "Huyu anajua Kisukuma, Kiswahili, Kiingereza na hesabu. Hayupo mwingine." Nilijigamba. Mtu mwenye ng'ombe mzuri humpitisha katikati ya njia. Nilisahau tu kwamba wapita njia nao wana macho.

Nilidhani nimekupeleka kwa visima. Kumbe ndani mlikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta mlikuwa na nchi. Ulinieleza mara nyingi nikajifanya sisikii, lakini nilisikia kila kitu. Unapewa bonde tupu, mto, majani na watu wachache. Ukibonyeza, msimu unapita. Unaamua wangapi walime, wangapi wachunge, wangapi wajenge, na nchi yako ikikua polepole, jirani anaimeza. Mama Birte alikuwa akicheza kwa kubahatisha, wewe ukaanza kumpigia hesabu za kukua: watu wanaongezeka kwa kiasi gani kila msimu, chakula kinatosha wangapi, lini kasi itapungua. Mkaacha kumezwa mkaanza kumeza.

Nilikuja kukuchukua jioni moja nikawakuta mmeinamiana vichwa mbele ya ile taa yake ya bluu. Nywele zake kama katani, na zako nilizokusuka mimi asubuhi ile ile, mistari sita hadi kisogoni, vidole vikaniuma. Hamkugeuka. Nilikohoa. Mama Birte akasema, "Ngoja kidogo, mama, Kabula anafikiri." Nikajibu, "Namjua anapofikiri, nilikuwepo alipoanza." Hakuelewa. Wewe ulielewa, na ulinikata jicho.

Lakini la kompyuta ningelivumilia. Lililonichoma ni la redio.

Unakumbuka ile redio yake ya masafa mafupi. Jioni mnazungusha kitufe mpaka mzungu fulani anaanza kuzungumza, naye Mama Birte anakuuliza, "Hii lugha gani?" Na wewe, mtoto niliyekufundisha kuamkia wakubwa kwa mwangaluka kabla hujajua kufuta kamasi, unasikiliza na jicho moja umelifumba, unasema: hiki Kiswidi, kinapanda na kushuka kama mtu anayebembeleza mtoto. Hiki Kinorwei, kila jambo wanalimaliza kama swali. Hiki Kidenmaki cha Mama Birte mwenyewe, mtu ana ugali wa moto mdomoni na anameza nusu ya neno. Hiki Kifini, hakina undugu na wenzake, kinakanyaga mwanzo wa neno kisha kinakimbia. Kwangu zote zilikuwa mvua juu ya bati. Ukipatia, yeye anakupigia makofi.

Makofi! Mimi nilikuzaa mvua ikivunja paa, maji yakipita chini ya kitanda, ndiyo maana unaitwa Kabula, na hakuna aliyenipigia kofi hata moja.

Nikaona dawa ni moja, nami niingie. Mimi si mjinga. Darasa la saba nilimaliza nikiwa wa pili, na yule wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Nikamwendea Shija, dereva wa mradi.

"Shija, nifundishe lugha ya Mama Birte. Kimya kimya."

"Hiyo naijua, mama. Nimewaendesha watu hawa kule kusini kabla sijaja huku. Lete wali na sato, utaongea kama mjukuu wao."

Nikamlisha. Na lugha ilikuwa tamu, Kabula, sikudanganyi. Maneno mengi yanaishia vizuri kama ya kwetu, unayashika bila kung'ata ulimi. Nilikuwa nayasema nikichota maji, nikichambua pamba. Hyvää huomenta, habari za asubuhi. Kiitos, asante. Baba yako akaniuliza kama nasali.

Jumapili baada ya ibada nikabeba kuku, yule jogoo mwekundu, nikaenda. Wewe ulikuwa umeshatangulia, bila shaka. Nikasimama mlangoni, kifua mbele, nikatoa sauti ya mtu aliyekwenda Ulaya na kurudi: "Hyvää huomenta!"

Mama Birte aligeuka nyuma kuangalia ninamsalimia nani.

Halafu wewe ukaanguka kwenye kiti. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. "Mayu! Hicho ni Kifini! Mama Birte ni wa Denmaki!" Na yeye, na Kiswahili chake cha kuchechemea, akasema, "Mimi sijui hata hilo neno la pili, mama. Umenishinda." Alisema kwa wema. Wema wake ndio ulionikera. Mtu akikutukana unajua pa kushika.

Nilimkamata Shija njiani. "Wewe, umenifundisha lugha ya nani?" Akakuna kichwa. "Mama, si wote ni wazungu wa baridi?" Na kufika Jumanne Mama Holo alikuwa tayari kisimani: "Mama Kabula, tunasikia umebatizwa Mfini. Ubatizo wao ni wa maji au wa barafu?"

Lakini hukuelewa kwa nini nilikununia baada ya hapo. Ulidhani ni kicheko. Kicheko nilikuwa nimeshakisamehe kabla sijavuka barabara. Ni kwamba wakati naondoka nilisikia dirishani mnahangaika na yule jogoo wangu, nawe ukamwambia, "Mayu, shika miguu." Najua. Mayu ni mama, na tunawaita wengi hivyo kwa heshima, hata muuza nyanya. Lakini sikio la mzazi halijui heshima. Nilisimama pale nje kama mtu aliyesahau alichokifuata.

Ndipo nikakukataza kwenda. Nilikutafutia kazi za pamba hata pale pamba ilipokwisha. Nilikutuma uchambue upya magunia yaliyokwisha kuchambuliwa, mpaka baba yako, ambaye kusema kwake ni kama mvua ya kiangazi, akaweka kikombe chini akasema, "Mama Kabula, hiyo pamba ikiendelea hivyo itakuwa shati humo humo guniani."

Aliyevunja ule ukimya ni yeye, Mama Birte. Na hili lazima nimpe, ingawa kalamu inasita. Alikuja kwa miguu, vumbi hadi magotini, akaketi kwenye kigoda changu bila kungoja kuambiwa, akasema, "Mama Kabula, njoo ucheze. Mimi na Kabula kwenye mifugo tunashindwa kila mara. Wewe unajua."

Sasa mtu akikwambia hivyo, utafanyaje? Nilikwenda. Nilivaa hata viatu.

Mashine ikauliza, nchi yako itaishi kwa kilimo, kwa biashara au kwa mifugo? Unamuuliza Msukuma swali hilo? Nikaanza na ng'ombe wachache, nikawapa bonde lenye mto. Wakazaa. Nikabonyeza, wakazaa tena. Mashine ikaandika kwamba niuze baadhi ninunue ghala. Nikakwambia uijibu: hapana. Ikaandika nichinje baadhi. Hapana! Nani anachinja wakati wananenepa? Ikaandika, kuna bonde la pili ng'ambo ya kilima, je, nipeleke kundi huko? Nipeleke huko wachungwe na nani? Nikawaweka wote nyumbani ninapowaona. Kila msimu walikuwa wengi kuliko msimu uliopita, na nilianza kuimba. Niliimba, Kabula, na nikamtazama Mama Birte nikiimba.

Kisha lile bonde likageuka rangi. Kijani, manjano, kahawia. Wakaanza kuanguka. Kabla sijauliza nini, kundi lote lilikuwa limekwisha, na watu wangu nyuma yao.

Nikasema mashine imerogwa.

Hukucheka mara hii. Ulichukua kipande cha mkaa ukachuchumaa sakafuni kwa watu, ukachora mstari unaopanda kama mlima halafu unalala juu kama meza.

"Mayu, kinachozaa kinazaa kwa kadiri ya kilichopo. Wachache huzaa wachache, wengi huzaa wengi. Kwa hiyo mwanzoni unaona kama hakuna kitu, halafu ghafla zizi linafurika."

"Hilo najua. Nimezaliwa nalo."

"Lakini majani hayazai hivyo. Majani ni yale yale. Hapa," ukaweka kidole katikati ya mlima, "nusu ya wale ambao bonde linaweza kuwalisha, hapa ndipo kundi linapokua kwa kasi kuliko popote. Ukipita hapa bado utaona linaongezeka, utafurahi, utaimba. Lakini kasi imeshaanza kufa. Wa kugawa anagawa hapa."

"Kwenye nusu? Nani anagawa zizi likiwa nusu? Watu watasema ng'ombe wamenikimbia."

"Ukisubiri lijae, mayu, utakuwa unagawa njaa."

Nilimtazama Mama Birte nikitegemea atakupigia makofi, naye hakupiga. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika na sikujua nimekasirikia nini, mpaka nilipomkumbuka babu yako, baba yangu. Hukumwahi. Alikuwa mfupi, mbishi, anakoroma akiwa macho. Zizi lake lilipopendeza, lilipoanza tu kusemwa na watu, ndipo alipowatoa ng'ombe na kuwakabidhi kwa wengine, hawa Sapiwi, hawa Mwamanyili kule karibu na ziwa. Wewe umekulia mjini, umeiona desturi hii kwa mbali, kwa hiyo nikueleze ilivyo. Anayekabidhiwa ng'ombe anakunywa maziwa, samadi anatia shambani kwake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe akizaa, habari inaletwa. Akiugua, habari inaletwa. Akifa, ngozi inaletwa, uione kwa macho yako. Na mtunzaji akitunza vizuri, siku moja mwenye ng'ombe humpa mtamba awe wake, mbele ya watu.

Nilikuwa na ng'ombe wangu wa kupenda, Madoa. Siku aliyoondolewa nililala mlangoni pa zizi nikamwambia baba, "Nafasi si ipo? Tazama, zizi liko nusu!" Akanivusha kwa mguu kama gogo. "Ndiyo maana anakwenda leo," akasema. "Likijaa nitakuwa napeleka mgonjwa."

Unaona? Alisema lile lile ulilochora na mkaa, na mimi nikalikalia miaka yote, nikaenda kuwaua ng'ombe wa mashine.

Baadaye alinichukua Mwamanyili kumwona. Nilikimbia mbele nikamwita. Madoa alikuwa anakamuliwa na mke wa yule mtunzaji, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, anamwimbia. Hakugeuza hata sikio. Alikuwa amenenepa, anang'aa, amesimama ametulia kama mtu aliye kwake. Nilitamani kumpiga yule mama na kibuyu chake cha maziwa. Njia nzima kurudi nilikuwa nalia na kumwambia baba, "Anamnywa! Anamnywa maziwa!" Baba akavumilia, akavumilia, mwishoni akasimama akaniambia, "Mwenye ng'ombe haulizi maziwa. Anauliza ndama. Ukianza kuuliza maziwa, watu watajua huna uhakika kama ng'ombe ni wako."

Nilikuwa mtoto, nikaona ni ukali tu. Leo ndiyo nimelishika, tena kwa kuchelewa. Mwaka huu wote, tangu barua ya shule ya huko Denmaki ilipokuja na Mama Birte akasema mradi wake umekwisha na kwamba wewe utakaa nyumbani kwake, nimekuwa nauliza maziwa. Alikupikia nini. Alikuchekesha kwa nini. Ukiwa naye unaongea lugha gani. Ulipoanza kuota ndoto kwa Kidenmaki na kuniambia kwa furaha asubuhi, nilikwambia uji unapoa. Ungeniuliza, ningekwambia kilichoniuma kwenye ndoto ile: nilitaka kujua kama mimi nilikuwemo, na kama nilikuwemo, nilikuwa naongea lugha gani.

Basi, leo.

Mama Birte alikuja mchana kuaga mtaa. Watu walijaa uani, Mama Holo mbele kabisa kwenye kiti cha kukunja alichokuja nacho kutoka kwake. Tulikula, Shija akala wali wa watatu. Kisha nikamwambia baba yako, "Mlete." Alinitazama muda. Tulikuwa tumeshasemezana, lakini alinitazama hivyo hivyo. Akaenda akarudi na yule mtamba, kamba shingoni.

Mama Holo akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "Ah! Leo mzungu analipwa mahari?"

Nikamwambia, "Kaa, Mama Holo, utasikia vizuri ukiwa umefunga mdomo." Nikashika kamba, nikamgeukia Mama Birte. "Mama Birte. Kwetu, aliyekutunzia vizuri hupewa mtamba. Huyu ni wako."

Akaangalia ng'ombe, akaangalia watu, akaniangalia mimi. Ameishi hapa miaka, amekaa na wanawake wa visimani, si mgeni tena. Nikaona inamwingia taratibu. Akasema polepole, akichagua neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe, "Nikimpokea, nimesema mbele ya watu wote kwamba Kabula si wangu."

Mama Holo akasogeza kiti chake mbele.

"Wewe," nikamwambia, "akili yako imekipita Kiswahili chako."

Nilikuwa nimekusudia hivyo, Kabula. Usifikiri nilikuwa na roho nyeupe ya malaika. Ilikuwa zawadi, na ilikuwa kigingi. Nilitaka akisita nimwone akisita. Nilikesha siku tatu nikimwona kichwani mwangu akisita.

Hakusita. Alinyoosha mikono yote miwili, kama sisi, akapokea kamba. Macho yake yalikuwa mekundu, na pua pia, unajua pua yake. Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu."

Aliniita mayu. Mimi.

Nikainama nikajifanya natoa kupe sikioni mwa mtamba, jambo ambalo Mama Holo atalisimulia mpaka kaburini. Ni Mama Birte mwenyewe aliyeniokoa, akauliza, "Lakini nitampandishaje kwenye ndege?"

"Hapandi. Utamkabidhi kwa mtu."

"Kwa nani?"

"Yuko mtunzaji mmoja mwenye sifa njema sana hapa Bariadi," nikasema. "Anajigamba kidogo, lakini ng'ombe hawasikii."

Watu wakaangua kicheko, na baba yako akacheka, Kabula, meno yote. Mama Birte akanirudishia kamba. Basi ndivyo tulivyo sasa. Yeye anaye wangu, mimi ninaye wake. Mimi nitakunywa maziwa ya huku na yeye atakunywa ya huko, na hakuna atakayemwuliza mwenzake habari za maziwa.

Sijapona wivu. Nisikudanganye, umri huu siwezi kuanza. Kesho stendi, yeye atakapokaa kwenye kiti kilicho karibu nawe na basi likashika njia ya Lamadi, nitatabasamu huku nikihesabu shibiri kati ya bega lake na lako. Akikupigia makofi huko, najua hata kutoka hapa nitayasikia. Lakini nimejifunza kitu kwenye sakafu ya watu, kwa mkaa, kutoka kwa mtoto wangu mwenyewe: nilikuwa nadhani mtoto huondoka nyumba inapombana. Nyumba yetu haijakubana. Kitanda chako kipo, nafasi ipo, sahani yako ipo. Tuko nusu. Kumbe ndiyo saa yenyewe.

Kwa hiyo sikuombi usimpende. Mwite mayu ukitaka, ameshajua mwenyewe jina hilo linatoka wapi. Ninachodai ni haki ya mwenye ng'ombe tu. Ukizaa jambo, jambo lolote, cheti, wazo, rafiki, habari iletwe. (Simaanishi ndama wa tumbo. Hao wasubiri shule.) Ukiugua, habari iletwe, nawe usinifiche kwa kunihurumia. Na mimi nitaleta za mtamba, nitamwandikia Mama Birte kwa Kiswahili, umsomee. Ukipenda umtafsirie kwa Kidenmaki. Au kwa Kifini, nitafuatilia.

Kuna dogo moja la kumficha. Mtamba hakuwa na jina, na leo jioni wakati namrudisha zizini nimempa. Nimemwita Birte. Kuanzia hapo atakapozaa, kila alfajiri nitakuwa namkamua Birte, na akileta ukaidi nitamwambia yote niliyoyameza miaka hii. Atanisikiliza tu. Hiyo ni faida yangu ndogo, usininyime.

Baba yako anasema dalili zinaonyesha ameshapandwa. Ukikokotoa kwa mkaa wako utajua lini, na ukiendelea utajua lini zizi la Mama Birte litafika nusu na kuhitaji mtu wa kuja kuligawa. Sitakutajia mimi. Ndama wa kwanza nitampokea, nitamkausha, nitamwonyesha Mama Holo ili aumie. Lakini jina sitampa. Watu wakiuliza nitasema mwenye kumtaja yuko safarini, na atakaa hivyo hivyo bila jina, hata akiota pembe, mpaka usimame mlangoni pa zizi umwite wewe.

Nasikia mlango wa ua. Ni wewe, unatoka Sapiwi, najua unavyokanyaga.

Mayu wako,
Ngolo